Mashua ya Kukamuliwa

Kwetu, huku juu ya Chepseon, siku huanza kwa kukamua. Nyanya yangu Jerusa, ambaye sisi humwita Kogo, hukamua ng'ombe wawili. Babu yangu Kipkosgei hukamua mashua.

Hebu waone. Kogo yuko kwa kigoda, kichwa amekiegemeza kwenye tumbo la ng'ombe. Hatua mia mbili kutoka hapo, ndani ya bwawa, Babu amechuchumaa kwenye sakafu ya mashua yake na mkebe wa mafuta ya kupikia, anachota maji yaliyoingia usiku na kuyarudisha yalikotoka. Kila mmoja ana ndoo yake na kila mmoja ananung'unika kivyake. Mwaka jana ng'ombe walipopunguza, mashua ndiyo iliyokuwa ikitoa zaidi. Nilimshauri Babu aisajili kwa kituo cha maziwa. Akanirushia mkebe. Haukunifikia. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumchokoza babu yake, na babu ana ruhusa ya kumrushia mjukuu vitu, mradi asilenge sana.

Najua mnajiuliza mashua ilifikaje mlimani, kwenye majani chai, mahali ambapo kitu kikubwa kinachoelea ni ukungu. Babu alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye meli za mizigo huko Kisumu. Alilala humo humo kazini, akaja nyumbani mara moja kwa mwaka. Alipostaafu alirudi na sanduku, redio, na shida moja: hakuweza kulala nchi kavu.

"Hiki kitanda kimekufa," alimwambia Kogo. "Hakitikisiki."

"Ukikosa usingizi niite," Kogo akamjibu, "nije nikipige teke."

Alivumilia mwaka mzima. Halafu siku moja akaaga kwamba anaenda kumwona rafiki, na akarudi amekaa juu ya lori la miwa na mashua ya mbao iliyotumika, ndefu hatua kumi na moja, imefungwa kamba kama fahali anayepelekwa mnadani. Lori lilikuwa limezimika njiani, pale Fort Ternan, nusu siku. Watu wa huko walimaliza utani wote wa Nuhu na safina, sisi wa juu tukaachiwa makombo.

Bwawa letu lilichimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba hapa, kitambo, kabla baba yangu hajazaliwa. Upande mmoja ni majani chai yetu. Upande wa pili ni kwa Onyiego, fundi wa milango, aliyetoka Kisii akahamia huku na mke wake Mongina. Ukubwa wake ni kama uwanja wa mpira wa shule ya msingi, na ukisimama katikati maji yanakufika kifuani. Mtu akizama humo, amejitakia.

Babu alijenga kibanda cha mabati juu ya mashua, akaweka kitanda, jiko la makaa, benchi mbili na dirisha dogo. Akaifunga kwa mkaratusi kwa kamba ya ng'ombe. Halafu akachukua rangi nyekundu iliyobaki kwa mlango wa choo, akaandika ubavuni, herufi kubwa: JERUSA.

Kogo alikuja kuangalia. Akasoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya kutoka kwa chifu.

"Umeandika jina langu kwa kitu kinachovuja?"

"Ni heshima, Mama Kipkemoi," Babu akasema. Kipkemoi ni baba yangu. "Meli nyingi huitwa majina ya wanawake."

"Na hizo za Kisumu zilikuwa zinavuja?"

"Kidogo tu."

"Basi ungeandika la kwako."

Wiki hiyo hiyo watu wote wa kituo cha kupimia majani chai walianza kumwita Babu Kapteni. Hakukubali wala hakukataa. Alikohoa tu, akaangalia mashamba ya chai kwa mbali akiwa amekunja macho, kama mtu anayehesabu mawimbi. Mimi ndiye niliyelitumia hilo jina zaidi. "Kapteni, kuna bata upande wa kushoto." "Kapteni, tunaruhusiwa kutema mate tukiwa bandarini?"

Lakini kulikuwa na jambo moja Babu alilitaka, na hilo hakulifanyia mzaha. Alitaka Kogo aingie ndani ya mashua, aketi, anywe chai. Kikombe kimoja. Miaka yote ishirini na saba alikuwa amemwambia aje Kisumu aone anapolala mume wake. Mwaka huu ng'ombe anakaribia kuzaa, mwaka ule majani chai yamechipuka yote kwa pamoja, mwaka mwingine mtoto ana surua. Kogo hakufika hata mara moja. Sasa Babu alikuwa amemletea mahali anapolala mpaka nyuma ya jikoni yake, na bado, miaka mitatu, Kogo alikuwa akifika ukingoni na sufuria ya mboga, anaiweka chini kwenye nyasi, anaita, "Chukua!" na kurudi zake.

Mambo yalianza kuiva Januari, wakati wa jua kali. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Babu aliingia na godoro lililolowa upande mmoja, akaliegemeza ukutani, akajaribu kupita kimya kimya.

"Limekojolewa?" Kogo akauliza.

"Ni unyevu."

"Unyevu gani unachuruzika?"

Nilicheka mpaka nikajikata kidole. Babu akakaa. "Mama Kipkemoi, nikiitengeneza hiyo mashua sawasawa, utaingia?"

Kogo alikuwa akikoroga chai. Hakuacha kukoroga. "Hori la ng'ombe limeoza," akasema. "Nimekuwa nikiziangalia mbao za mashua yako. Urefu ni sawa kabisa."

"Nimekuuliza utaingia?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi wamama wa kanisa wanakuja kwetu, ni zamu yetu. Hiyo siku nitaingia, mbele yao wote. Nitakaa na nitakunywa chai." Akaweka mwiko chini. "Lakini kiatu changu kikilowa, Baba Kipkemoi, Jumatatu mashua ni hori."

"Kiatu kikilowa," Babu akarudia.

"Kiatu. Chepkurui amesikia."

Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nanyonya kidole, lakini masikio yangu yalikuwa mazima.

Babu alikuwa na wiki mbili na nusu. Siku iliyofuata tuliivuta mashua kutoka majini kwa trekta ya jirani, tukaiweka juu ya magogo mahali pa jua. Onyiego alikuja kutoka ng'ambo ya bwawa na penseli yake nyuma ya sikio. Aliizunguka mara mbili, akaibishia hodi kwa vidole kama anavyobishia milango yake.

"Kapteni," akasema, "shida ni moja. Hii mbao ni mbichi."

"Imekaa kwa maji miaka, itakosa kuwa mbichi?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo. Mimi siwezi kukupa mlango wa mbao mbichi. Utapinda, utakunja shingo, hautafunga. Mbao ni kukauka kwanza."

Babu alifurahi, kwa sababu naye alikuwa amefikiria hivyo hivyo, kwa njia yake. "Hata kibuyu cha maziwa ya mursik," akasema. "Kibuyu kikivuja unakifanya nini? Unakianika. Unakianika mpaka kinalia ukikigonga. Halafu unakisugua ndani na kijinga cha moto, kinakuwa cheusi, mianya yote inazibika."

Mlango na kibuyu vikakubaliana. Wazee wawili wakashikana mikono, na mashua ikahukumiwa kuanikwa.

Ilikaa juani wiki mbili. Kila asubuhi Babu aliigonga kwa kidole na kuweka sikio. Siku ya nne alisema inaanza kulia. Siku ya nane ilikuwa inalia kama ngoma. Halafu akakata matawi ya senetwet, ule mti tunaosugulia vibuyu, akayawasha na kuyazima, akaingia ndani ya mashua na kijinga kinachofuka moshi. Alisugua kuanzia mbele mpaka nyuma. Alitoka mweusi, macho mekundu, meno peke yake ndiyo yaliyobaki ya rangi yake. Harufu ilifika mpaka barabarani. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha majani chai alisimama, akavuta pumzi, akauliza kama kuna harusi.

"Tunatia maziwa lini, Kapteni?" nikamuuliza Babu. "Yakiganda vizuri, Jumapili tunakunywa mashua."

"Na wewe nitakutia humo humo nikufunike," akasema, na kunitupia kijinga. Hakikunifikia.

Jambo moja niliona, na nakiri sikulisema kwa uzito uliofaa. Siku ya kumi nilichungulia ndani ya mashua na nikaona majani chai. Nikayaona kupitia ubavuni, mstari mrefu wa kijani kati ya ubao na ubao. "Babu," nikasema, "mashua imeongezewa madirisha." Onyiego akaja, akakohoa, akasema hiyo ni kawaida, mbao inapumua. Akachanganya unga wa msumeno na gundi, akaziba kila mstari. Ilipendeza. Ungeweza kuiwekea kitasa.

Jumatano, siku tatu kabla ya wamama, tuliirudisha majini. Babu alivaa shati jeupe. Alisimama ndani, mkono mmoja kwenye kibanda, tukasukuma.

Ilielea. Ilielea vizuri kwa muda wa kama kusema Baba Yetu. Kabla ya kufika amina, gundi ya Onyiego ilianza kutoka moja moja, kama mbegu za mahindi zinapopukuswa. Halafu maji yakaingia kila mahali. Hayakuwa na haraka wala kelele. Birika lilipita dirishani likielea. Godoro likafuata. Babu alibaki amesimama vile vile, maji yakapanda magotini, yakafika kiunoni, mashua ikakaa kwenye matope karibu na ukingo, na hapo ikatulia. Kibanda na mdomo wa mashua tu ndivyo vilivyobaki juu ya maji, huo mdomo kiganja kimoja. Jina liliingia chini mpaka herufi ya mwisho.

"Jerusa amezama!" Mongina akapiga kelele kutoka ng'ambo, na Kogo akatoka jikoni mbio kabla hajaelewa. Alipoelewa, alirudi ndani. Niliona tu akipita karibu na lile hori bovu, akaligusa kwa mguu.

Babu alitoka majini, akakaa ukingoni na nguo zake mbichi. Onyiego akakaa kando yake. Mimi nikasimama nyuma yao na utani umejaa mdomoni.

"Kapteni," nikasema, "abiria wanauliza meli inaondoka saa ngapi."

Babu akakamua mkono wa shati lake.

"Kapteni, godoro limefika Kisumu salama."

Hakunirushia kitu. Kulikuwa na jiwe zuri tu karibu na mkono wake, la ukubwa unaofaa, na hakuliona. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikakaa chini.

"Chepkurui," akasema baadaye, "mimi sikuwa kapteni."

"Hata mimi sikuwahi kuamini, Babu. Ulikuwa nani?"

"Mpishi." Alisema akiyatazama maji. "Ugali na samaki, miaka ishirini na saba. Na zile meli ni za chuma. Hata hivyo, zikipelekwa kutengenezwa, zinapandishwa juu, mafundi wanaingia chini na nyundo. Sasa kukiwa hakuna safari, nani atakula? Mtu wa kwanza kupewa likizo ni mpishi. Ndiyo nilikuwa nakuja nyumbani. Kila mara meli inatengenezwa, mimi niko hapa napalilia majani chai. Sijawahi kuona vile inafanywa. Hata siku moja."

Onyiego aligeuka polepole. "Kwa hivyo mimi nimefuata maneno ya mpishi?"

"Na yeye amefuata ya mtu wa milango," nikasema. "Hakuna aliyemzidi mwenzake."

"Sasa itakuwa hori," Babu akasema. "Ni sawa. Ng'ombe nao wanahitaji." Lakini alivyoisema hiyo 'sawa', hata Onyiego aliishusha penseli kutoka sikioni.

Ndipo tukasikia hatua nyuma yetu. Kogo alikuwa amekuja na jembe. Hakutusalimia. Alitikisa jembe, tukasikia mpini ukicheza ndani ya chuma, koki koki koki, maana jua la Januari hulegeza kila mpini kijijini. Akainama, akakizamisha kichwa cha jembe majini, akaweka jiwe juu ya mpini lisielee.

Onyiego, ambaye hawezi kuona mbao ikiteseka, alinyoosha mkono. "Mama, lete hiyo nikutilie kabari."

"Kabari ya nini?" Kogo akasema. "Mbao ikilegezwa na jua, inakazwa na maji. Ikilala humo inafura, inakamata yenyewe. Hata mtoto wa nasari anajua. Nyinyi mlisomea wapi?"

Onyiego aliangalia jembe. Akaangalia mashua iliyozama. Akaangalia jembe tena. Mdomo wa Babu ulikuwa wazi kiasi cha kuingia kikombe.

"Msinitazame hivyo," Kogo akasema. "Mimi nimekuja na jembe." Akaenda zake.

Niseme kitu kimoja hapa. Nimeishi na Kogo tangu nilipomaliza Form Four, na nimemwona akiloweka majembe misimu yote. Huyaloweka kwenye karai, nyuma ya jikoni. Hajawahi kutembea hatua mia mbili kutafuta maji ya jembe.

Basi tuliiacha mashua ilipozama. Alhamisi, Ijumaa, hatukuigusa. Watu wa kituo cha majani chai walikuja kuitazama, wakampa Babu pole kama mtu aliyefiwa, na Babu akawaambia kwa sauti nzito kwamba iko kwa matibabu. Siku hizo alilala nyumbani, kwenye kitanda kilichokufa. Asubuhi ya Ijumaa Kogo alilalamika kwamba mzee anajigeuza sana mpaka yeye ndiye anayetapika kama yuko ziwani. Niliwaona wakicheka, nikajifanya natafuta kuni.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulianza kazi, Babu, Onyiego na mimi, kwa ndoo za maziwa. Tulitoa maji kutoka ndani kuyarudisha nje, tukiwa na wasiwasi kwamba tunahamisha bwawa mahali pamoja. Kufikia saa mbili niliona alama ya maji ndani imeshuka kuliko ya nje. Kufikia saa tatu mikono yangu ilikuwa si yangu. Saa nne mashua ilitikisika, ikainua nyuma kwanza, halafu mbele, vile ng'ombe anavyoamka. Ikaelea.

Onyiego alipiga magoti ndani, akapitisha kidole kwenye kila kiungo. Ile mistari ya majani chai ilikuwa imefungana, huwezi kuingiza hata ukucha. "Maajabu," akasema. "Mlango ungefanya hivi ningefunga duka." Lakini alipofika karibu na benchi ya nyuma, akasimamisha kidole. Ubao mmoja ulikuwa bado unatoa machozi. Machozi ya kweli, ya kufuatana.

"Huu unataka siku mbili zaidi," akasema.

Babu aliangalia. Wamama walikuwa wanakuja saa tisa.

"Mwambie Kogo aje Jumatatu," nikasema. "Ni siku mbili tu, Babu. Hatakataa."

"Miaka ishirini na saba aliniambia mwaka ujao," Babu akasema, akifuta benchi kwa kitambaa. "Nikimwambia Jumatatu, nitakuwa nimemfundisha njia. Aje leo. Akilowa, amelowa."

Akatandika gunia juu ya ule ubao, akaingia kwa kazi anayoijua. Acha niseme ukweli kuhusu mzee wangu: huenda hajui meli inakazwaje, lakini mpe jiko la makaa na kilo moja ya unga uone. Kufikia saa nane na nusu harufu ya mandazi na chai ya tangawizi ilikuwa imeishinda harufu ya senetwet, na hilo si jambo dogo.

Wamama walifika kumi na wanane. Waliimba, wakaomba, wakala, na mwishowe Mongina, ambaye hakuwa amefuata chakula, akauliza kwa sauti, "Jerusa, si leo ndiyo ile siku?"

Wote wakasimama ukingoni na vitambaa vyao vya kichwa, kama kwaya. Babu alikuwa mlangoni mwa kibanda na shati jeupe, lile lile, lililofuliwa. Mikono yake aliifunga nyuma. Mimi nilikuwa karibu naye na trei ya vikombe.

Tukamwona Kogo akishuka kutoka nyumbani. Alikuwa na gauni lake la kanisa, lile la bluu la kola nyeupe. Alikuwa na mkoba mkononi. Na miguuni, zikipanda mpaka karibu na magoti, alikuwa amevaa gamubuti.

Wamama walicheka mpaka mmoja akashika mkaratusi. "Jerusa! Viatu gani hivyo na hilo gauni?"

"Nimetoka kukamua," Kogo akasema.

Saa kumi kasorobo. Ng'ombe wetu hukamuliwa saa kumi na moja jioni. Na zile gamubuti zilikuwa zimeoshwa mpaka unaweza kujitazama usoni, za mtu aliyekaa nazo kwenye karai kwa muda mrefu.

Alikanyaga ubao wa kuingilia. Akasimama katikati, akaangalia maji chini, akaubana mkoba kwapani. Babu alinyoosha mkono. Miaka mitatu nimemwona akinyoosha huo mkono ukirudi na sufuria ya mboga. Kogo akaushika, akaingia, akainama mlangoni, akakaa kwenye benchi ya nyuma kabisa, ile mbaya kuliko zote.

"Hapo pana upepo," Babu akasema haraka. "Kaa hii nyingine."

"Nimeshakaa. Chai iko wapi?"

Nikamimina. Babu akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana, maana mashua si pana. Mashua ilicheza kidogo. Kogo akashika benchi, akaiachilia. Akanywa. Akala andazi moja, akachukua la pili bila kuombwa.

"Ndiyo hivi ulikuwa ukilala?" akauliza.

"Ilikuwa kubwa kuliko hii. Lakini inatikisika hivi hivi."

"Na ukimaliza kuwapikia, wewe ulikuwa unakula na nani?"

Babu aligeuka akaniangalia kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Nikatikisa kichwa. Sikuwa nimesema chochote, naapa.

"Wacha mtoto," Kogo akasema. "Kapteni gani anarudi nyumbani likizo anajua kukaanga vitunguu bila kuunguza? Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Jibu swali."

"Peke yangu," Babu akasema. "Mpishi anakula mwisho."

Kogo akaendelea kunywa. Chini, gunia lilikuwa limeanza kuelea. Maji yalitoka pembeni yake, yakatambaa sakafuni, yakafika kwenye soli ya gamubuti, yakapanda. Nikayaona. Babu akayaona. Akadondosha kijiko makusudi, akainama kukitafuta, na mkono wake ukaanza kupapasa mkebe chini ya benchi.

"Baba Kipkemoi," Kogo akasema bila kuangalia chini. "Lete huo mkebe."

"Mkebe gani?"

"Huo umeushika."

Akampa. Nikasema moyoni, haya, hori limepatikana. Kogo akabadilisha kikombe kikaenda mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akachota maji, akayamwaga kupitia lile dirisha dogo linaloangalia upande ambao hauna wamama. Akachota tena. Hakuwa na haraka, lakini hakukuwa na tone lililobaki njiani.

"Wewe unakamua kama mtu anayeogopa teke," akamwambia Babu. "Ndiyo maana haiishi."

"Jerusa!" Mongina akaita kutoka ukingoni. "Kuko aje huko ndani? Viatu vimelowa?"

Kogo aliweka mkebe chini, akachungulia nje kupitia mlangoni na kikombe mkononi. Yeye ni mzee wa kanisa, hasemi uongo. Aliingiza vidole viwili ndani ya gamubuti, juu karibu na goti, akazungusha, akavitoa, akavionyesha.

"Hata jasho hakuna!" akasema. Akarudi kukaa. "Niongeze chai, Chepkurui. Na wewe mzee, chota, mimi nimechoka mkono."

Alikunywa vikombe vitatu.

Onyiego alitengeneza hori Jumatatu, kutokana na milango miwili ambayo wenyewe walikataa kuja kuichukua. Ni imara sana. Mmoja wa ng'ombe wetu anapenda kuweka ulimi kwenye tundu la ufunguo. Ule ubao wa nyuma ulifura ukakaza siku ya Jumanne, kama fundi alivyosema, lakini mwingine ukaanza upande wa mbele, kwa hivyo Babu bado anakamua. Siku hizi nikizitafuta gamubuti za Kogo mlangoni mwa jikoni asubuhi, sizipati. Hukaa kule bwawani, zimepangwa vizuri mwanzo wa ubao wa kuingilia, na moshi wa jiko la makaa unatoka kwenye kibanda cha mabati kabla ng'ombe hawajaanza kulia.